Fua Maji Kabla ya Kutweka

Basi kuukuu la njia ya Kipini, na upepo ambao abiria hauoni

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu chuoni, tukaizoea hata ikawa haitushtui tena. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliozoea, mpaka siku ile nilipokwama Garsen alfajiri, nikiwa na haraka ya kwenda kuzika, nikaona maji ya rangi ya kutu yakichururika kutoka katika tangi ambalo kwa hesabu yangu halikuwa na kitu ndani ila upepo mtupu.

Habari zilikuwa zimetufikia usiku: mzee wetu wa Kau amefariki, na maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Kwa ndege wa angani Kau si mbali, lakini kwa binadamu ni safari. Utoke Garsen kwa barabara ya lami iendayo Witu, uiache, uteremke kwa njia ya udongo mpaka Kipini, kisha uingie mashuani uupande mto Ozi pamoja na maji yanapojaa. Atakayechelewa barabarani humkosa nahodha, na atakayemkosa nahodha hungojea maji mengine. Ndiyo maana, baada ya swala ya alfajiri, nilikuwa wa kwanza kufika stendi.

Basi nililolikuta halikuzaliwa basi. Juu lilikuwa basi, lina viti, madirisha, rafu za mizigo na maandishi ya kumshukuru Mola usoni. Lakini chini lilikuwa lori. Mafundi waliichukua chesisi ya lori la mizigo, wakairefusha, wakaijengea bodi ya mabati, wakaifanya chombo cha kubeba watu. Jambo hili si geni kwetu. Mabasi mengi tunayopanda Kenya yana asili hiyo, na hakuna aibu ndani yake. Dau nalo lilianza likiwa mti.

Injini ilikuwa imezimwa. Dereva, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya vito na ovaroli iliyolowa mafuta, alikuwa amelala chali chini ya gari. Utingo wake amesimama kando na ndoo ya povu la sabuni. Abiria tulitazamana. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha vyombo vya matangani hakustahimili.

"Ami dereva, tuna maiti Kau. Yatungojea."

Sauti ikatoka chini ya gari, bila ya ukali: "Najua, mwanangu. Nami sitaki maiti nyengine njiani."

Hapo ndipo nilipochutama kutazama alichokuwa akikifanya.

UPEPO UNAVYOFANYA KAZI

Gari dogo husimama kwa nguvu ya mafuta ya breki. Gari kubwa husimama kwa upepo. Ubavuni mwa injini mna mtambo uitwao kompresa, ambao huvuta hewa kutoka nje, ukaikandamiza na kuishindilia katika matangi ya chuma yaliyofungwa chini ya chesisi. Dereva anapokanyaga breki, mguu wake haubani gurudumu. Kazi ya mguu ni kufungua mlango tu. Upepo uliokuwa umefungiwa tangini hutoka mbio kupitia mabomba, ukaingia katika kikombe cha chuma kilicho penye gurudumu, ambacho mafundi wetu hukiita busta. Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira. Upepo hukisukuma kile kiwambo, kiwambo kikasukuma chuma, na chuma kikabana breki.

Kazi ya kuamua upepo umetosha ni ya kidude kiitwacho gavana. Msomaji asichanganyikiwe, maana siku hizi magavana ni wengi. Yuko gavana wa kaunti, tuliyemjua tangu mwaka 2013. Iko gavana ya mwendo, ile iliyotiliwa mkazo na kanuni za mwaka 2004 ili magari ya abiria yasipite kilomita 80 kwa saa. Na iko hii gavana ya upepo, ambayo haigombei kura wala haipigiwi kelele na abiria. Geji ikifika kiasi cha ratili 120 kwa inchi ya mraba, gavana huiambia kompresa ipumzike. Upepo ukishuka kufika kama ratili 100, huiamsha tena.

Fikra hii ya kusimamisha chombo kwa upepo ilianzia kwenye reli. George Westinghouse wa Marekani aliandikisha breki yake ya treni mwaka 1869. Ile ya kwanza ilikuwa na ila moja kubwa: bomba likikatika, treni haina breki. Miaka michache baadaye akaigeuza, ikawa upepo ukipotea breki hufunga zenyewe. Magari makubwa nayo yamepata hekima hiyo. Katika busta za nyuma mna springi nene iliyobanwa na upepo. Upepo ukiisha, ile springi huruka na kubana gurudumu. Ndiyo maana basi bovu hukwama katikati ya njia likawa halisogei hata likivutwa.

Watu husikia hayo wakasema, "Basi hatari iko wapi, ikiwa gari litasimama lenyewe?" Hatari iko katikati. Upepo hauishi kwa mara moja kama taa inavyozimika. Hupungua. Kabla springi haijaamka, dereva anakanyaga mara ya kwanza akapata breki, akakanyaga mara ya pili akapata nusu, na mara ya tatu ng'ombe wako mbele yake. Au springi hufunga ghafla gari likiwa katika mwendo, likayumba na abiria wake.

MAJI YA NGAMA

Nilimwuliza mzee yale maji yametoka wapi. Hapana mtu aliyemimina maji mle.

"Wewe ni mtu wa pwani," alinijibu. "Hewa yetu ina maji au haina?"

Nikanyamaza, kwa kuwa shati langu lilikuwa limekwisha nigandama mgongoni, na jua halijatoka.

Hewa ya pwani, na hasa ya bondeni mwa Tana, imejaa unyevu. Kompresa inapoikandamiza, hewa huwa moto. Ikifika tangini hupoa, na inapopoa, ule unyevu hugeuka matone, kama kifuniko cha chungu kinavyotoa jasho. Tangi la kwanza hupokea sehemu kubwa ya maji hayo, kwa hivyo mafundi huliita tangi la maji. Mabasi mapya yana kichungio maalumu cha kukausha upepo, chenye kopo la punje zinazonyonya unyevu, na kopo lile lina umri wake; likichakaa lazima libadilishwe. Mabasi ya zamani mengine hayakuzaliwa na kichungio hicho, na mengine yanacho lakini kopo limechoka miaka mingi.

Maji yakiachwa tangini hufanya maovu matatu. Kwanza, hula nafasi ya upepo. Tangi lililojaa maji nusu lina nusu ya akiba, ijapokuwa geji itasoma vizuri na kumdanganya dereva. Pili, huleta kutu, na tangi la chuma likaliwa kwa ndani hali kwa nje limepakwa rangi ya kupendeza. Tatu, maji husafiri na upepo mpaka kwenye valvu na viwambo, yakaviozesha.

Kwa hivyo kila asubuhi, chini ya kila tangi, mna kizibo cha kufunguliwa. Yule mzee alikuwa akivifungua kimoja kimoja, taratibu, uso ameugeuza pembeni, mpaka upepo utoke mkavu. Na yale maji hakuyamwaga tu, aliyasoma. Maji machache meupe, hayo ni ya kawaida. Maji ya rangi ya kutu, tangi limeanza kuliwa. Maji mazito mfano wa maziwa, au yenye mafuta meusi, kompresa inapitisha oili na pete zake zimekwisha. Na mafuta yale yatakwenda kuulainisha mpira mpaka upasuke.

"Baba yangu alikuwa baharia," alisema huku akifunga kizibo cha mwisho. "Hakupata kutweka tanga kabla ya kufua maji ya ngama. Mimi chombo changu kina magurudumu, lakini ngama ni ile ile."

KIUNGO CHA FUNDI

Baada ya kufua maji aliwasha injini, akaiacha ingurume mpaka geji ikapanda na gavana ikapiga chafya yake. Kisha akazima, akazuia magurudumu kwa mawe, akaachia breki, akatulia akiitazama geji na saa yake ya mkononi. Kwa gari moja lisilo na tela, upepo haufai kushuka zaidi ya ratili 2 kwa dakika. Haukushuka. Halafu akakanyaga breki, akashikilia. Hapo haufai kushuka zaidi ya ratili 3 kwa dakika. Sindano ikaanza kuteremka kama mtu ashukaye ngazi: 3, 5, 8. Kabla dakika haijatimia zilikuwa zimekwenda 10.

"Hapo pana mtu anatuibia," akasema.

Utingo akazunguka na povu. Fundi wa upepo hana haja ya vyombo vya thamani. Sabuni ya kufulia na tambara vyamtosha. Panapovuja patafanya mapovu. Walianza na pale ambapo basi lolote lililogeuzwa kutoka lori hushukiwa kwanza, yaani pale palipoguswa na mkono wa mjenzi. Chesisi ilirefushwa, kwa hivyo bomba la breki za nyuma lilikatwa likaungwa. Mlango wa abiria hufunguliwa na upepo, ambao lori halikuwa nao. Honi ya upepo iliongezwa kwa ajili ya mbwembwe. Kila kimoja kati ya hivyo ni mdomo mpya unaokula katika chungu kile kile cha breki.

Hapo mzee alinionyesha jambo ambalo kila mwenye basi la aina hii angelijua. Mjenzi wa kwanza alikuwa amechukua upepo wa mlango moja kwa moja kutoka katika tangi la breki. Siku bomba la mlango lilipopasuka, breki nazo zilikuwa zikinyonywa. Mzee alitia katikati valvu ya ulinzi. Kazi yake ni kuangalia upepo unaposhuka, ikaufungia mlango na honi ili breki zibaki na haki yao. "Mlango ukikataa," alisema, "abiria watashuka kwa mkono. Breki zikikataa, watashukaje?"

Lakini siku ile viungo vyote vilikuwa salama. Mwizi alipatikana kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Breki ilipokanyagwa, tundu la busta lilifoka na mapovu yakaruka. Kiwambo cha mpira kilikuwa kimepasuka, kipande kisichozidi ukucha wa mtoto.

UKUCHA WA MTOTO

Abiria wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema basi lile lilikuja jana kutoka Kipini na breki hizo hizo, kwa nini lisirudi nazo? Mwengine akasema tumtegemee Mungu twende. Nilimwona mzee akitabasamu. Wasomaji wanaijua habari ya yule mbedui na ngamia wake, na kwamba kufunga kamba hakukupata kuwa kinyume cha tawakali.

Alitoa kopo la maziwa ya unga lililojaa vipuri, akachagua kiwambo kipya. Kwanza alitoa upepo wote. Kisha akafungua mshipi wa busta ile ya mbele, akatoa mpira uliopasuka, akatia mpya, akafunga. Utingo kijana aliuliza, mbona hawafungui na ya nyuma waitazame? Mzee akamkemea mbele yetu sote, na nadhani alifanya vizuri. Busta ya nyuma ina ile springi. Imebanwa kwa nguvu kubwa mno, na mtu akiufungua mfuniko wake bila ya kuifunga kwanza kwa bolti yake maalumu, huruka na kuua. Kipande kile huondolewa kizima kikawekwa kipya. Hakichokonolewi kando ya njia.

Nilimwuliza pia kama tangi lililotoboka laweza kuchomelewa. "La," alisema. "Sufuria hutiwa kiraka. Tangi lililobeba upepo, kiraka chake ni kulitupa."

Kazi nzima ilichukua kama dakika 50. Sitaficha kwamba mimi nami nilizihesabu kwa uchungu, kila dakika nikiiona jeneza inanitangulia. Alipojaribu tena, sindano haikutikisika.

Tukaondoka. Lami ya Garsen hadi Lamu ni ya miaka ya karibuni, nasi tulikwenda vizuri. Lakini tulipoiacha, vumbi likatufunika, na mbele kidogo kundi la ng'ombe wa Waorma likakata njia bila ya kuuliza, na mchungaji mtoto katikati yake. Mzee alikanyaga mara moja. Basi liliinama mbele, likasimama wima, halikwenda upande. Tukasikia ule upepo ukishusha pumzi, "psss", kama mtu aliyetua mzigo. Hapana aliyesema neno. Yule aliyetaka tuondoke mapema alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilimwona akimtazama yule mtoto mpaka alipopita.

MFEREJI WA BELEZONI

Kipini tuliyakuta maji yamekwisha anza kutoka. Nahodha alikuwapo bado, lakini ilibidi kupanda mto dhidi ya mkondo. Mashua yake ilikuwa kuukuu kama basi letu, na mbao zake zikitoa jasho. Tulipokaa tu alinitupia kopo: "Fua, bwana." Nikafua. Nilifua njia nzima, na katika kufua kwangu nikamkumbuka yule mzee wa Garsen, nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka ninakokwenda, nikaacha.

Anayekwenda Kau leo hukuta kijiji kimya, miembe na mto. Lakini katika karne ya 19 Kau ilikuwa bandari. Majahazi yalipanda Ozi kuja kupakia mpunga na pembe za ndovu zilizoteremshwa kutoka bara. Wakati ule Ozi na Tana ilikuwa mito mbalimbali, na Tana ukimwagika baharini kwa mlango wake wa kusini. Watu wakachimba mfereji mwembamba, Belezoni, ili mitumbwi ipite kutoka mto mmoja hadi mwengine. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Lakini maji hayajui nia ya mchimbaji. Yaliuona mlango, yakaupenda, yakaupanua mwaka baada ya mwaka na gharika baada ya gharika, mpaka mto Tana mzima, mto mrefu kupita yote ya Kenya, ukauacha mlango wake wa zamani ukahamia Ozi kutokea Kipini.

Wazee wa delta hawana haja ya kufundishwa maana ya tundu dogo. Mto wenyewe uliwafundisha. Upepo una tabia hiyo hiyo ya maji: ukipewa nafasi ya ukucha, utatoka wote.

Nilifika Kau swala ya jeneza imekwisha saliwa. Hilo lilinikosa, nami sitasema kwamba haliniumi. Lakini niliwakuta makaburini, nikawahi kutia mchanga kwa mikono yangu mara tatu. Na abiria wote tuliotoka Garsen asubuhi ile tulirudi kwetu tukiwa hai.

NENO KWA WENYE VYOMBO

Kwa mwenye basi: usimhesabie dereva dakika za asubuhi kuwa hasara. Viwambo vya mpira, kopo la kukausha upepo na sabuni ni vitu vya bei ndogo ukivilinganisha na basi, na havina hesabu ukivilinganisha na roho. Na unapoagiza bodi ijengwe juu ya chesisi ya lori, mwulize mjenzi upepo wa mlango na honi ameuchukua wapi. Akishindwa kujibu, tafuta mwengine.

Kwa dereva: fua maji kila siku, na zaidi zama za mvua na mafuriko. Waliopita bondeni mwa Tana mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2023 na 2024, wanajua kwamba gari lililovuka maji hutoka na matope katika kila tundu na breki zilizolowa. Likague kabla ya kulipakia tena. Ukisikia kengele ya upepo, ambayo hulia kabla ya geji kushuka ratili 60, usiizime kwa waya kwa kuwa inakukera. Simama.

Na kwa abiria wenzangu, nasema hivi nikijianza mwenyewe. Ukimkuta dereva yuko chini ya gari alfajiri, mpe salamu, kisha utulie. Baba zetu walikaa pwani wakimngojea nahodha afue maji, wala hawakumwambia atweke kabla.